Unix na Windows kwenye Mtandao Mmoja: Faili Lako Linakwama Wapi?

Kitengo chetu cha TEHAMA hupokea lalamiko hili mara kwa mara: folda ya seva ya Linux (mfumo wa familia ya Unix) inaonekana kwenye kompyuta ya Windows, lakini ukiifungua unaambiwa huna ruhusa. Wengi hukimbilia kukagua nyaya. Kama seva inakujibu, hata kwa kukukatalia, mtandao ni mzima. Tatizo ni ruhusa.

Windows hushirikisha faili kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya SMB, iliyoanzia IBM miaka ya 1980. Kwa upande wa Unix, Sun Microsystems ilitoa itifaki yake, NFS, mwaka 1984, hivyo pande mbili zikawa na lugha tofauti. Aliyeziba pengo hilo ni Andrew Tridgell, mwanafunzi nchini Australia, aliyechunguza data zinazopita mtandaoni na kufikia Januari 1992 akawa ametoa programu ya Unix inayojibu kwa lugha ya SMB. Leo inaitwa Samba, jina alilolipata kwa kusaka kwenye kamusi ya kompyuta maneno yenye herufi S, M na B.

Anayeingia kupitia Samba huvuka milango miwili. Wa kwanza ni wa Samba yenyewe, kwenye faili lake la mipangilio, smb.conf. Kwa kawaida hutunza nywila zake kando na zile za Unix, kwa hiyo mtumiaji aliyekwisha kusajiliwa kwenye Linux bado anahitaji kusajiliwa kwenye Samba kwa amri ya smbpasswd -a. Wa pili ni ruhusa za Unix za folda husika. Mlango mmoja ukikataa, umekataliwa.

Hapo ndipo mtu aliyechoka huandika chmod 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote za folda. Nawasihi, msifanye hivyo: mnampa kila mwenye akaunti kwenye seva hiyo uwezo wa kufuta kazi za wenzake. Waweke wahusika kwenye kundi moja, likabidhini folda, kisha tumieni chmod 2770, inayoruhusu mwenye folda na kundi lake tu. Ile 2 ya mwanzo hufanya kila faili jipya lirithi kundi la folda.

Bado kuna mtego. Usipoandika chochote, create mask ya Samba (kikomo cha ruhusa za faili jipya) ni 0744, yaani kundi linasoma tu. Ndiyo maana mwenzako hufungua hati uliyoiweka jana, akaihariri saa nzima, kisha ikagoma kuhifadhiwa. Kwenye smb.conf andika create mask = 0660 na, kwa folda mpya, directory mask = 0770, halafu endesha amri ya testparm ikuonyeshe ulipokosea.

Majina nayo husumbua. Kwa Unix, Ripoti.txt na ripoti.txt ni faili mbili. Kwa Windows ni jina moja, na unaweza kufungua lisilo lako. Alama ya nukta mbili (:) kwenye jina hairuhusiwi Windows, hivyo mtumiaji huonyeshwa jina la ajabu lenye alama ya ~.

Nisilolikubali kabisa ni kurudisha SMB1, toleo la zamani la SMB, ili mashine kuukuu ipate kuunganishwa. Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilienea duniani kupitia udhaifu wa SMB1 kwenye Windows, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho tangu Machi. Samba yenyewe imeizima tangu toleo la 4.11. Kama mashine hiyo haina mbadala, itengeni kwenye mtandao wake peke yake, na lango namba 445, linalotumiwa na SMB, lisifunguliwe kamwe kuelekea intaneti.