Orijino ya baiskeli kuukuu: halisi au asilia?

Juzi nimelisikia tena neno orijino. Jirani yangu anataka kuuza baiskeli ya mbio aliyoachiwa na baba yake, akaniita niitazame. Kabla sijainama akaniambia, "Kuukuu ndiyo, lakini kila kitu orijino." Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Neno lenyewe ndilo lililomponza, kama linavyowaponza wauzaji wengi, kwa sababu ndani yake mmejificha maneno mawili tofauti, na kila moja linamvuta mnunuzi wake.

Kwa kifupi: kitu halisi ni kile kilichotengenezwa kweli na yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake. Kinyume chake ni feki. Kitu asilia ni kile kilichotoka kiwandani pamoja na baiskeli hiyohiyo na hakijabanduka tangu hapo. Kinyume chake ni kilichobadilishwa. Kipuri kinaweza kuwa halisi bila kuwa asilia, na hilo ndilo linalosahaulika.

Orijino tumeipata kwa Waingereza, nao mzizi wake wameutoa kwenye Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kuchomoza, kama jua linavyochomoza. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili linauliza: kitu hiki kimeanzia wapi? Mitaani tumeligeuza. Tukisema simu orijino tunamaanisha si feki, basi. Habari ya mwanzo imepotea njiani. Na linalonisikitisha ni kwamba hatukuwa na upungufu wa maneno. Asili imetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni mzizi, shina la kitu. Halisi nayo ni ya Kiarabu, lakini ya mzizi mwingine kabisa, wenye maana ya kutakata na kutochanganywa. Ndugu yake ni ikhlasi, ule usafi wa nia. Ndiyo maana tunasema asali halisi, yaani haikutiwa maji, na hatusemi asali asilia tukiwa na maana hiyo. Neno moja linauliza usafi, jingine linauliza chimbuko. Wazee walituachia mizani miwili, sisi tukashika mmoja wa kuazima na kupimia kila kitu.

Kwenye baiskeli kuukuu kosa hili linagusa mfuko. Chukua Peugeot PX-10, baiskeli ya mbio ya Kifaransa iliyojulikana sana miaka ya 1960 na 1970. Ilitoka kiwandani na mabomba ya fremu ya chuma cha Reynolds 531, mikono ya pedali ya Stronglight, breki za Mafac na gia za Simplex. Zile Simplex zilikuwa na sehemu za plastiki ambazo zilipasuka, basi waendeshaji wengi walizitoa wakafunga Campagnolo za Italia. Campagnolo ni jina kubwa kuliko Simplex, na ikiwa haikughushiwa ni halisi bila shaka. Mtu anayetaka kupanda baiskeli na kwenda atafurahi. Lakini mkusanyaji anayetaka PX-10 kama ilivyozaliwa atauliza Simplex iko wapi, na akiambiwa "kila kitu orijino" ataona amedanganywa. Ukiwa na vile vipuri vya kwanza kwenye boksi, hata kimoja kimevunjika, viuze pamoja na baiskeli. Usivitupe.

Basi nikamwomba jirani kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Kibadilisha gia cha nyuma kilikuwa cha Shimano, kampuni ya Japani, kimejaa uchafu uliogandana na grisi. Nikafuta upande wa ndani polepole mpaka zikatokea herufi mbili ndogo zilizogongwa kwenye chuma: VD. Shimano kwa miaka mingi waligonga herufi hizi: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, B 1977, hivyo hadi Z ya 2001, kisha A ikarudi tena kwa 2002. Ya pili ni mwezi, A ni Januari na L ni Desemba. VD ni Aprili 1997. Tukatoa gurudumu la nyuma na kupima nafasi kati ya ncha mbili za fremu linapokaa: milimita 120, kipimo cha enzi za gia tano nyuma, muda mrefu kabla ya 1997. Baadaye ikaja 126 kwa gia sita na saba, kisha 130 kwa nane na kuendelea. Fremu na gia havikuzaliwa pamoja. Gia ni halisi, ya Shimano kweli, nzima, inafanya kazi. Asilia si asilia.

Jambo jingine alilolisema, na ni tawi la kosa hilohilo: aliiita baiskeli yake "Reynolds". Stika ya Reynolds 531 kwenye bomba inamtaja mtengeneza mabomba, kampuni ya Birmingham, Uingereza, iliyoleta chuma hicho mwaka 1935. Mafundi wengi mno walinunua mabomba hayo na kuunda fremu kwa majina yao wenyewe. Stika yenyewe isome hadi mwisho, maana nyingine zinasema mabomba matatu makuu tu ndiyo ya 531, na nyingine zinataja pia uma wa mbele na vijiti vya nyuma. Halafu kumbuka stika hununuliwa. Fremu iliyopakwa rangi upya na kubandikwa stika mpya inaweza kuwa fremu halisi yenye rangi isiyo asilia na stika isiyo lolote kati ya hayo mawili. Ndiyo maana huwa nawasihi watu wasipake rangi kabla ya kuuza. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka, ikishakwanguliwa hairudi.

Tairi, mnyororo, nyaya na mpira wa breki sivihesabu hapa. Hivyo huisha, na hakuna mnunuzi mwenye akili anayevidai vya kwanza. Na uasilia peke yake haupandishi thamani. Baiskeli ya chuma kizito iliyotengenezwa kwa gharama ndogo, hata ikiwa haijaguswa skrubu, inabaki baiskeli ya daraja lake. Kwanza ijulikane ni ipi, ndipo uasilia wake uwe na uzito.

Jirani aliniuliza sasa aandike nini. Tukakaa kibarazani tukaandika hivi: "Fremu na uma vya wakati mmoja, rangi ya kiwandani, mabomba ya Reynolds 531, jina la fundi halijulikani. Kibadilisha gia cha nyuma ni Shimano halisi cha 1997, si cha asili. Tairi mpya." Akaisoma mara mbili, akauliza kama neno orijino liingie mahali. Nikamwambia si lazima, tayari tumelisema.