Dhana Potofu Kuhusu Picha za Kutisha na Ubongo

"Picha ikishapita mbele ya macho imeshaingia ubongoni, hakuna la kufanya." Kauli hii huletwa kliniki tena na tena na watu waliotumiwa picha za ajali kwenye simu, nami hunisikitisha kila niisikiapo, kwa sababu humnyima mgonjwa uwezo alio nao. Wanaamini kwamba amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na hofu, huitikia kila kitisho yenyewe, mtu akizingatie asikizingatie.

Utafiti wa Luiz Pessoa na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2002, unaonyesha vingine. Washiriki, wakiwa ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, walionyeshwa nyuso za hofu, za furaha na zisizo na hisia. Walipotakiwa kutambua kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke, amigdala iliitikia zaidi nyuso zenye hisia. Walipopewa kazi ngumu ya kulinganisha mwelekeo wa vijiti viwili vilivyokuwa pembeni, huku nyuso zikiwa palepale katikati, tofauti hiyo ilitoweka. Ni kweli kwamba mwaka 2001 Patrik Vuilleumier na wenzake waliona amigdala ikiitikia nyuso za hofu hata zisipozingatiwa, lakini Pessoa aliifafanua tofauti kati ya tafiti hizo mbili kwa uzito wa kazi: kazi nyepesi huacha umakini wa ziada, nao huiendea picha.

Ndiyo maana sichoki kusisitiza kwamba kugeuza shingo hakutoshi. Ipe akili kazi inayoielemea, kwa mfano kuhesabu kurudi nyuma kutoka 300 kwa kupunguza saba saba. Na ikiwa kazi yako inakulazimu kuitazama picha, kaza macho kwenye sehemu yake isiyotisha, kwani mwaka 2009 Dunning na Hajcak walipima umeme wa ubongo na kukuta kwamba hilo pekee hupunguza mwitikio.

Wapo wanaodhani kwamba kukaza uso ni kuituliza hofu. Sivyo: Gross na Levenson walionyesha mwaka 1993 kwamba wanaoficha hisia wanapotazama filamu ya kuchukiza hawapungukiwi na kinyaa, na ngozi zao huonyesha msisimko mkubwa zaidi.

Wengine nao huufanya ushauri huu wa kuhamisha umakini kuwa tiba ya kila kitu. Mwenye fobia, yaani hofu iliyopitiliza ya kitu fulani, akizoea kukwepa anachokiogopa, hofu yake huendelea kuota mizizi. Huyo anahitaji kukikabili hatua kwa hatua, akiongozwa na mtaalamu.