Mazoezi ya upinde kabla ya kiangazi: mi nahesabu mshale wa kwanza tu

Mvua zikianza kupungua hapa Bombo simu nazo zinaanza, mwalimu nataka kuja tupige mishale, mwalimu mwezi wa kumi na mbili naenda kuwinda bonde la Kafu nimebakiza wiki sita. Wiki sita banange! Upinde umening'inia ukutani tangu mwezi wa pili, alafu wiki sita ndo zimtengeneze mtu. Sawa, njoo, hatukosi la kufanya, ila leo naandika yale ninayorudia kila mwaka niupumzishe mdomo.

Tuanze na sheria maana hapakosi mmoja wa kusema babu yake aliwinda bila kumuuliza mtu. Hata wangu, alitoka West Nile na upinde wake na hakuna aliyemuuliza kitu. Siku hizi wanyama wako chini ya UWA, yaani mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na huu uwindaji wa burudani uliorudishwa kwa majaribio mwaka 2001 pembeni ya Ziwa Mburo unafanyika sehemu maalum, kwa kibali, na idadi ya wanyama imepangwa. Sumu kwenye chembe ya mshale na mitego ya waya sahau kabisa. Huna kibali? Piga gunia, gunia halina kesi.

Upinde ninaousema hapa ni wa asili, ule mrefu wa mbao au ule wenye ncha zilizojikunja mbele. Hauna magurudumu wala kidude cha kulengea. Unaangalia, unavuta, unaachia. Watoto wakipopoa maembe kwa mawe si unaona hakuna anayepima umbali, jicho limekaa kwenye embe na mkono unajua wenyewe, sasa upinde ni hivohivo tofauti ni kwamba mkono lazima ufanye kitu kilekile kila mara, na hapo ndo kazi yote ilipo.

Sasa nikueleze kwa nini nahesabu mshale wa kwanza. Kuna mwaka nilikuwa moto kweli, mita 20, mishale sita sita, yote ndani ya sahani ya chakula. Nikaenda porini nikijiona bingwa. Tukaingia kibanda cha nyasi saa kumi na moja alfajiri, baridi, umande, nimekaa kwenye kigoda kama mama anayemenya matoke, na saa moja na kitu pongo dume akatoka kwenye mafunjo akasimama mita 14 hivi, ubavu wote wazi. Nikavuta. Ncha ya chini ya upinde ikagusa goti, mwili ukastuka, nikaachia nikiwa nimevuta nusu tu na mshale ukapita chini ya tumbo. Yule pongo akabweka, maana pongo anabweka kama mbwa, akaingia kichakani na sisi tukabaki tunatazamana. Mwenzangu hakusema neno, na hiyo iliniuma kuliko angesema.

Nilipofika nyumbani nikaanza kujiuliza. Ile mishale sita yangu, wa kwanza ulikuwa unaenda wapi? Nikaanza kuandika kwenye daftari. Kumbe wa kwanza mara nyingi ulikuwa unatoka nje ya sahani, wa pili unakaribia, kuanzia wa tatu ndo navimba kichwa, na mnyama hakupi wa tatu.

Kwahiyo utaratibu wangu sa hizi ni huu: asubuhi kabla ya chai, kabla hata ya kunyoosha mabega, navaa koti lile nitakalovaa porini, natoka na mshale mmoja. Sipimi umbali kabla ya kupiga. Siku ingine nimekaa kwenye kigoda, siku ingine nimepiga goti, siku ingine niko juu ya ngazi nainama kiunoni, maana ukiwa juu ya mti ukishusha mkono tu bila kukunja kiuno mvuto unabadilika na mshale unakwenda juu. Napiga mmoja, naandika ulipoingia, narudi kunywa chai. Hiyo ndo namba yangu ya kweli. Ya jioni ni mazoezi tu.

Jioni ndo tunajenga mwili. Gunia langu nimeshindilia nguo kuukuu na kavera, yaani mifuko ya plastiki, mpaka limekuwa gumu kama godoro la jela, linashika mshale vizuri na unachomoka bila kuumia. Usitumie kichuguu, utavunja mishale yote kwa siku moja. Na nyuma ya gunia kuwe na kilima au ukuta, sio njia ya watu. Mi mwenyekiti wetu wa LC1, yaani wa kijiji, nilimpeleka mwenyewe akaona, mbuzi za jirani zikipotea nisiwe mtu wa kwanza kufikiriwa.

Wiki mbili za kwanza nawaweka watu mita mbili kutoka kwenye gunia, macho yamefungwa. Wanalalamika sana. Lakini ukifumba macho huna cha kulenga, unabaki na mwili wako tu, unasikia kama kidole cha kati kimefika pembe ya mdomo, unasikia kama unavuta kwa misuli ya mgongo au unadanganya kwa mkono, unasikia vidole vikiachia kamba vyenyewe au ukivifungua kama mlango. Mkono wa kushoto ubaki pale pale mpaka mshale ugonge. Wengi wanaushusha haraka wapate kuchungulia mshale umeenda wapi, na ule mchungulio ndo unaoupeleka pembeni.

Paundi, yaani uzito wa kuvuta upinde. Ee, hapa wanaume tunajiua. Mtu anasikia wazee wa zamani walivuta pinde nzito anakuja na paundi 60 zisizovutika, anatetemeka, anaishia kuvuta nusu. Kila inchi usiyoivuta unapoteza kama paundi mbili tatu hivi, kwahiyo kuliko ule wa 60 uliovutwa nusunusu bora uwe na wa 45 uliofika mdomoni, na 45 ni kama kilo 20, sio mchezo. Mgeni aanze na 30 au 35, apande tano tano. Na mishale 30 kwa jioni inatosha kabisa, ukichoka unafundisha mwili makosa. Jaribu hivi: vuta, shikilia hesabu ya nne, rudisha pole pole bila kuachia mshale. Ukishindwa, upinde umekuzidi.

Mshale wenyewe uwe mzito. Kwa upinde wa paundi 50 mi sishuki chini ya greini 500, yaani gramu 32 hivi, na 600 napenda zaidi, kwa sababu mshale mzito unaingia ndani na upinde unapiga kelele kidogo. Alafu ugumu wa uti wake uendane na upinde. Mshale ukiachiwa haunyooki, unapindapinda kama nyoka ukizunguka ubao wa upinde kisha unatulia, sasa ukiwa mgumu mno au laini mno unatulia vibaya. Toa manyoya kwenye mshale mmoja upige mita kumi: kwa anayeshika upinde mkono wa kushoto, ukienda kushoto ni mgumu, ukienda kulia ni laini. Ila hakikisha kwanza unaachia kamba vizuri, maana kosa la vidole linaweza kukudanganya hapo. Manyoya ya bata mzinga ni mazuri sana ila yakilowa yanalala, kwenye nyasi zenye umande yafunike na kavera.

Kelele hizo sio jambo dogo. Mshale wa upinde wa namna hii unakwenda kama mita 50 kwa sekunde, sauti inakwenda 340. Kwa mita 20 mshale unatumia sehemu nne za kumi za sekunde, na sauti ya kamba inafika kabla ya hata moja ya kumi. Kobu, yule swala wetu, anabaki na theluthi ya sekunde hivi kukunja miguu aruke, na akikunja mgongo unashuka, mshale wako unapita juu. Kwahiyo funga vipande vya uzi wa sufu kwenye kamba vinyonye ule mtetemo, na usogee. Wateja wangu wote nawaambia mita 15, na mwenye kukasirika akasirike.

Na pa kulenga pia nibishane kidogo. Wageni kutoka Marekani wamezoea swala wa kwao, wanalenga nyuma ya bega. Wanyama wetu moyo na mapafu yamekaa mbele zaidi na chini zaidi, kwahiyo mnyama akiwa ubavu fuata mguu wa mbele kupanda juu, ishia theluthi ya mwili. Akikugeuzia matako kidogo ni vizuri, mshale unaingia kwa nyuma ukielekea mbele. Akikuelekea kifua, acha, hata awe karibu vipi. Mi nimechora kobu dume kwenye boksi la friji nikalibandika kwenye gunia, sura nimekosea mpaka watoto wanasema ni punda, na yule ndo mnyama wa nembo yetu ya taifa jamani, lakini bega liko pake.

Ukishapiga, kaa chini nusu saa. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, huyo hayuko mbali. Nyeusi nyeusi ni ini, subiri masaa kadhaa. Ukiona majani yaliyotafunwa na harufu, umepiga tumbo, kaa muda mrefu zaidi na usithubutu kurudi kambini kusema umekosa.

Daftari langu la mwezi huu: asubuhi 22, mishale ya kwanza 22. Kwa mita 15 au chini ya hapo iliyotoka nje ya sahani ni miwili, yote nikiwa kwenye kigoda. Kuanzia mita 18 kwenda juu imetoka karibu nusu. Leo nimekata miguu ya kile kigoda inchi mbili, kesho alfajiri naona.