Kodi ya nyumba, tarehe 5

Simu za wateja wapya hunijia zaidi kati ya tarehe 3 na 6 ya mwezi. Kwa muda mrefu nilidhani ni kwa sababu ndipo watu wana pesa ya kumlipa mshauri wa ndoa. Kumbe ni kodi. Hapa Nairobi nyumba nyingi hulipiwa kufikia tarehe 5, na kodi ikikosekana, siri za mfukoni hutoka nje.

Naulizwa sana kama umaskini huvunja ndoa. Huchosha, hilo sibishi. Lakini wengi ninaowaona walianza na godoro moja na jiko la mafuta wakaelewana vizuri tu. Kilichowatikisa ni mapato kugeuka ghafla. Mwaka 1977 wanauchumi wa Marekani, Gary Becker, Elisabeth Landes na Robert Michael, walieleza kwamba watu huoana wakikisia maisha yatakavyokuwa. Mapato yakienda mbali na makisio hayo, hata kwa kupanda, ndoa huwa hatarini zaidi.

Hapo kwenye kupanda ndipo nilipotilia shaka, mpaka nikaletewa mke aliyepandishwa cheo. Kwao bwana ndiye aliyelipa kodi, bibi akanunua chakula. Cheo kilipokuja, mke akaanza kulipa kodi kimyakimya ili ampunguzie mwenzake mzigo. Bwana akapata habari kwa ajenti wa nyumba. "Nilijiona mpangaji kwangu," aliniambia.

Kwa vibarua shida ni nyingine: leo mjengo upo, kesho haupo. Hapo katikati kuna Fuliza, mkopo wa Safaricom wa kujazia salio la M-Pesa lisipotosha. Pesa ikiingia kwenye M-Pesa, deni hukatwa kwanza. Mke anajua mumewe amelipwa 2,000, anaona 600, na hesabu anayopiga ni ya mwanamke wa pembeni. Ndiyo maana huwaomba wote wawili wafungue taarifa za M-Pesa mbele yangu. Wengine hukataa, na kukataa kwenyewe hunieleza mengi.

Sisemi kiasi si kitu. Huko Rarieda, Siaya, Johannes Haushofer, Jeremy Shapiro na wenzao walifuatilia kaya maskini zilizopewa pesa bila masharti. Mume kumpiga mke kulipungua, pesa apewe mke au apewe mume. Njaa haina subira.

Yule mama wa cheo na bwanake walijitafutia dawa wenyewe. Mwisho wa mwezi mke humtumia mumewe pesa, naye bwana ndiye humtumia ajenti kodi. Niliwaambia wazi kwamba huko ni kupaka rangi ufa. Kodi sasa hulipwa tarehe 2, na kwangu hawajarudi.