Je, wajua kwa nini bilionea Chuck Feeney aliwaficha watu kwamba keshagawa utajiri wake wote?

Mwaka 1988 jarida la Forbes lilimweka Chuck Feeney kwenye orodha ya matajiri wakubwa wa Marekani, wakamkadiria dola bilioni 1.3, na watu wakaamini maana biashara yake ilikuwa inaonekana wazi, ukipita uwanja wa ndege wa Hong Kong au Honolulu lazima upite kwenye maduka yake. Kumbe hela hizo hazikuwa zake tena. Tangu 1984 alikuwa keshasaini karibu kila kitu alichonacho kwenda kwenye mfuko wa hisani, akabaki na chini ya dola milioni 5, na hata wenzake aliokuwa anamiliki nao kampuni walikuwa hawajui kwamba kisheria yeye hana hata hisa moja mle ndani.

Sasa mtu anawezaje kugawa mabilioni bila kujulikana, na kwa nini ajifiche wakati anafanya jambo la heri?

Tuanze na hela zilikotoka. Feeney kazaliwa 1931 Elizabeth, New Jersey, familia ya Wamarekani wenye asili ya Ireland, mama nesi, baba anafanya kazi ya bima, miaka ile ya mdororo mkubwa wa uchumi. Toka mdogo alikuwa mtu wa kuuza vitu, alipita nyumba kwa nyumba na kadi za Krismasi. Akaingia jeshi la anga, akatumikia Japani kipindi cha vita vya Korea, akitoka serikali ikamlipia chuo kama ilivyokuwa inawalipia askari wastaafu, akaenda Cornell kusomea mambo ya hoteli, na pale chuoni akawa anatengeneza sandwichi anawauzia wanafunzi wenzake usiku. Baadaye akaenda Ulaya akawa anawauzia mabaharia wa jeshi la Marekani pombe isiyolipiwa ushuru kwenye bandari za Mediterania, na 1960 yeye na Robert Miller, waliyesoma naye Cornell, wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa DFS, maduka ya dyuti frii, yaani ya bidhaa zisizotozwa ushuru.

Bahati yao kubwa ilikuwa Japani. Mwaka 1964 serikali ya Japani ililegeza masharti ya raia wake kusafiri nje kutalii, na Mjapani akisafiri alikuwa hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu, lazima abebe zawadi za ndugu, majirani na watu wa kazini. Feeney anaongea Kijapani, maduka yako Hong Kong na Hawaii, yamejaa konyaki, manukato na sigara. Hela ilimiminika. Yeye alikuwa na asilimia 38.75 ya kampuni, na kila mwaka wenye hisa walikuwa wanagawana faida taslimu.

Hapo ndo tatizo lilipoanza kwake, maana maisha ya kitajiri hayakumkaa. Alikuwa na majumba Ufaransa, Hong Kong, New York, karamu kila wakati, na watu waliomfahamu wanasema alikuwa hana raha kabisa. Wakili wake Harvey Dale akampa asome maandiko ya Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma, aliyeandika mwaka 1889 kwamba tajiri atumie mali yake kwa faida ya wengine angali hai. Yakamwingia.

Ujanja wenyewe ulikuwa Bermuda. Sheria ya Marekani inaitaka taasisi binafsi ya hisani itoe taarifa kila mwaka, nani kachangia na nani kapewa, na pia inaibana isimiliki sehemu kubwa ya kampuni ya biashara. Ukifungua mfuko Marekani ukauwekea hisa za DFS, siri imekwisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo 1982 mfuko ukafunguliwa Bermuda, ukaitwa Atlantic Foundation, ndo huohuo uliokuja kujulikana kama Atlantic Philanthropies. Na hapa wengi wanadhani alikuwa anakwepa kodi, lakini kwa njia hiyo alijinyima msamaha wa kodi ambao tajiri yeyote wa Marekani anaupata akitoa hisani nyumbani. Mimi hilo naliona zito sana, mtu analipa gharama ya ziada ili tu asishukuriwe.

Upande wa wanaopewa nako kulikuwa na masharti. Chuo au hospitali inaambiwa kuna mtu anataka kusaidia, jina usiulize, na ukianza kutangaza hela zinakata. Hakuna kibao, hakuna jina lake ukutani, hakuna ile picha ya kushikana mkono na hundi kubwa ya mfano. Kuna wakuu wa vyuo walipokea mamilioni bila kujua yanatoka kwa nani, na lazima wengine walijiuliza kama hela ni safi.

Kwa nini lakini? Sababu ya kwanza ni mama yake. Walikuwa na jirani mgonjwa, ugonjwa wa kudhoofisha misuli, kila siku anajikongoja kwenda kituo cha basi, basi mama Feeney akimwona anatoka na yeye anachukua gari anajifanya ana safari ya kuelekea hukohuko, anampakia. Hakumwambia hata siku moja kwamba hakuwa na safari. Mtoto aliyelelewa hivyo anajua kumsaidia mtu bila kumfanya ajione ana deni, na kwetu sisi tuliofundishwa mkono wa kushoto usijue cha mkono wa kulia, hii haihitaji maelezo marefu.

Sababu ya pili ni ya kibiashara na wengi hawaijui. Alisema akiacha jengo bila jina lake, anakuja tajiri mwingine anayependa jina lake lionekane, anatoa hela kwa ajili ya jengo hilohilo, chuo kinapata mara mbili. Ireland alifanya kitu cha namna hiyo na serikali kabisa, mwishoni mwa miaka ya 90 akaweka hela za utafiti vyuoni kwa sharti kwamba serikali nayo iweke za kwake, na utafiti wa vyuo vya Ireland ukabadilika kuanzia hapo.

Siri ilivunjika 1997. Kampuni ya Kifaransa LVMH ilitaka kuinunua DFS, Feeney akataka kuuza, Miller akagoma, kesi zikanukia, na kwenye makaratasi ya kesi ingejulikana tu kwamba mwenye hisa ni mfuko wa hisani, kwa hiyo akaona bora amwambie mwandishi wa New York Times mwenyewe. Mauzo hayo yakauingizia mfuko zaidi ya dola bilioni 1.6.

Kwenye siasa ndo inabidi tumwangalie kwa makini zaidi. Mwaka 1987 bomu la IRA, kundi lenye silaha lililokuwa linapigana kuitoa Ireland Kaskazini mikononi mwa Uingereza, liliua watu 11 pale Enniskillen, County Fermanagh, Ireland Kaskazini, mkoa walikotoka mababu zake, na toka hapo akaingia kwenye harakati za amani. Mwaka 1993 alikuwa kwenye kikundi cha Wamarekani waliokwenda Belfast kuongea na pande zote, akiwemo Gerry Adams wa Sinn Féin, chama cha siasa kilichokuwa karibu na IRA, mwaka uliofuata IRA wakasimamisha mapigano, na Feeney akagharamia ofisi ya Sinn Féin mjini Washington. Hela za mfuko hazikuguswa, hiyo alitoa mfukoni mwake, hoja yake ikiwa kwamba mwenye bunduki umwonyeshe kuwa siasa inalipa. Makubaliano ya Ijumaa Kuu, ya amani ya Ireland Kaskazini, yakasainiwa 1998. Miaka ya baadaye Atlantic wakatoa zaidi ya dola milioni 25 kwa muungano uliopigania sheria ya bima ya afya ya Obama, safari hii kwa uwazi. Na mimi nasema uwazi huo ulikuwa wa lazima. Hospitali ikijengwa na asiyejulikana mgonjwa hadhuriki, ila sheria ikisukumwa na hela ya asiyejulikana raia wana haki ya kulalamika, hata kama sheria yenyewe ni nzuri.

Baada ya 1997 akaongeza kasi. Vietnam akajenga hospitali, Afrika Kusini Atlantic wakasaidia Chuo Kikuu cha Western Cape na wale wanaharakati wa Treatment Action Campaign waliopigania dawa za UKIMWI, Cornell peke yake ilipata karibu dola bilioni 1. Yeye alikuwa anaishi na mke wake Helga kwenye fleti ya kupanga San Francisco, hakuwa na gari, hakuwa na nyumba, saa yake ilikuwa Casio ya dola kama 15, na ndege mpaka umri wa miaka 75 alikuwa anapanda daraja la kawaida.

Na tofauti na mifuko mingi iliyoandikwa idumu milele, huu uliamriwa ujimalize. Ruzuku ya mwisho ilitolewa 2016, na Septemba 2020 Feeney akasaini karatasi za kuufunga rasmi, dola zaidi ya bilioni 8 zikiwa zimekwisha kugawiwa. Alifariki Oktoba 9, 2023, akiwa na miaka 92. Nyaraka za mfuko ule, zikiwemo za miaka ile ya siri, zimehifadhiwa maktaba ya Cornell kwa ajili ya watafiti.