Kikombe cha nne: utafiti na biashara ndogo za vijijini Kivu

Mezani kulikuwa na vikombe vitano vya kahawa, vyote vya gunia moja lililokuja kwa mtumbwi kutoka Kalehe. Mwonjaji alinusa cha kwanza, cha pili, cha tatu, akawa anaandika huku akitabasamu. Kwenye cha nne alirudisha kichwa nyuma. Mama mmoja wa koperative, aliyesafiri na gunia hilo hadi hapa Bukavu, akainama naye akanusa.

"Papa, nani ametia kiazi humu?"

Hakuna aliyetia kiazi. Lakini mama hakukosea: kikombe kile kilinuka kiazi cha kizungu kibichi, kama kimemenywa sasa hivi. Kasoro hiyo inajulikana sana katika kahawa ya nchi za Maziwa Makuu, yaani yetu, ya Rwanda na ya Burundi, na wanunuzi wa ng'ambo wanaiogopa. Haimdhuru mnywaji hata kidogo. Inaharibu bei tu.

Hesabu yake ni hii. Kwa desturi ya waonjaji, kila sampuli huandaliwa vikombe vitano, kila kimoja na gramu 8 hivi za kahawa, na kila kimoja husagwa peke yake. Punje moja yenye kasoro inatosha kuharibu kikombe chake. Gunia la kilo 60 lina punje laki kadhaa. Mnunuzi hawezi kujua punje mbaya ziko wapi, kwa hiyo anapunguza bei ya gunia zima, au anaenda kununua kwingine. Mama wa Kalehe alichuma vizuri, akaosha vizuri, akaanika vizuri, na bado akapoteza. Angefanya kazi mara mbili zaidi, angepoteza vilevile, kwa sababu hakuwa anajua anapigana na nini.

Nimeanza na kahawa kwa sababu ndiyo inayoonyesha wazi jambo ambalo sisi wa vyuo tunalisema vibaya. Tukisikia "kusaidia biashara ndogo za kijijini" tunakimbilia mikopo. Mkopo ni muhimu, na hapa Bukavu hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya kuukosa, hasa tangu banki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025. Lakini mkopo hauondoi harufu ya kiazi. Kuna hasara ambazo chanzo chake hakionekani kwa macho, na kukitafuta kunahitaji darubini, maabara na miaka kadhaa ya kurudia jaribio lilelile. Koperative ya kijijini haiwezi kulipia hayo. Hata chuo kimoja peke yake mara nyingi hakiwezi.

Mhusika wa kwanza ni mdudu: kunguni wa kahawa, mwenye mgongo wa mabaka meusi, meupe na ya rangi ya chungwa. Wataalamu wanamwita antestia. Anatoboa tunda likiwa bado bichi, ananyonya, na kidonda anachokiacha kinakuwa mlango wa bakteria. Mwaka 2015 watafiti walieleza bakteria mmoja waliyemhusisha na kasoro hii katika Maziwa Makuu, wakampa jina Pantoea coffeiphila. Kinachonuka ni kemikali za jamii ya pirazini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazokipa kiazi kibichi harufu yake. Kwa hiyo pua ya mama yule ilikuwa imefika kwenye jibu kabla ya maabara.

Ukishajua njia ya mdudu, dawa nyingi ni za mikono. Antestia anapenda miti iliyosongamana, yenye giza ndani. Pogoa mti, mwanga uingie, naye anapungua. Watafiti walioshughulika na kahawa ya Rwanda waliona faida ya kuunganisha upogoaji na dawa ya kunyunyiza, zikiwemo zile za pareto, ua ambalo wazee wa Kivu Kaskazini wanalikumbuka kama zao lao pia. Baada ya kuchuma, mwaga matunda kwenye pipa la maji: mengi yaliyotobolewa huelea, yaondoe. Halafu chagua punje kwa mkono zingali na unyevu kwenye kitanda cha kuanikia, maana doa huonekana vizuri zaidi kabla punje haijakauka. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayomaliza tatizo peke yake. Kwa pamoja zinalipunguza sana.

Sasa tazama mambo haya yalivyotoka sehemu mbalimbali: bakteria alichunguzwa kwingine, kupogoa kukapimwa kwingine, na mdudu anaishi kwetu sote. Antestia havuki Ruzizi, mto wa mpakani, kwa jeto, ile karatasi ya ruhusa ya kuvuka. Ukimpunguza upande mmoja wa ziwa tu, jina la kahawa ya eneo zima bado linanuka kiazi kwa mnunuzi. Ndiyo maana ushirikiano wa kikanda, kwangu mimi, si maneno ya kufungulia mikutano. Wakubwa wetu walilielewa zamani: CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, ilipoundwa mwaka 1976 kati ya Zaire, Rwanda na Burundi, haikukawia kupata taasisi yake ya utafiti wa kilimo na mifugo, IRAZ, kule Gitega. Siasa ikigombana, taasisi kama hizo zinasinzia. Wadudu hawasinzii.

Mfano wa pili ni wa ndizi, na huu unanifurahisha zaidi kwa sababu wataalamu walilazimika kukubali kwamba ushauri wao ulikuwa mzito mno. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukashuka hadi Kivu Kusini. Ushauri wa kwanza ulikuwa: shina moja likiugua, ng'oa kisiki kizima na watoto wake wote. Kwa mtaalamu ilikuwa sawa. Kwa mama anayeishi kwa kuuza ndizi na kukamua kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa sawa na kuambiwa afunge duka. Walimaji wengi hawakung'oa, na sisi tukasema ni wabishi.

Hawakuwa wabishi. Kung'oa kisiki kizima ni kazi ya siku nyingi, na shamba linabaki tupu bila kitu cha kuuza. Ndipo watafiti wa INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kwenye kituo chao cha Mulungu, pamoja na vituo vya kimataifa na walimaji wenyewe, walipojaribu njia nyingine: kata shina linalougua tu, usawa wa ardhi, rudia kila unapoona jingine. Ikafaa, kwa sababu bakteria hafiki kwenye kila shina la kisiki. Ongeza mambo mawili: vunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa kisu, na kila panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Shamba linaendelea kuzaa wakati unalitibu. Jibu hili lisingepatikana kama mtu hangekubali kwamba "sina nguvu za kung'oa" ni habari ya kisayansi kama nyingine.

Upande wa milango ya kubisha, Kivu Kusini si masikini. INERA ipo Mulungu. Lwiro kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947. IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, ina kituo Kalambo. Na Bukavu yenyewe ina ISDR, UCB, UEA na vyuo vingine. Tatizo letu liko kwenye namna ya kuingia. Nimeona timu ikija kijijini na mifuko, ikachukua udongo, majani na saa tatu za watu, ikaondoka, na matokeo hayakurudi hadi leo. Mimi pia nimewahi kuchelewesha matokeo, na nilipokwenda kuyapeleka, msimu ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo nawashauri viongozi wa koperative: kabla ya kumpa mtafiti sampuli, mwambieni aandike atarudi lini, atarudi na nini, na kwa lugha gani. Karatasi ya Kifaransa yenye kurasa 40 haijarudi kwa mtu yeyote. Na msizipime faida za mradi kwa pesa ya transport ya semina.

Kuna jambo jingine linakuja, nalipita haraka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa inayoingia huko ionyeshe shamba ilikotoka, na kwamba hapo hapakukatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umesogezwa mbele, lakini nukta za ramani za mashamba hazijikusanyi zenyewe. Kwa shamba lililo chini ya hekta 4, nukta moja inatosha, na wanafunzi wa vyuo vyetu wanaweza kuzichukua kwa simu. Hapa chuo kingesaidia mara moja, bila maabara.

Mama wa Kalehe tulimwomba alete sampuli tena msimu uliofuata, safari hii zikiwa mifuko midogo tofauti badala ya gunia moja lililochanganywa. Ukitaka kufanya vilevile, tenga kahawa ya kila kilima. Kausha hadi unyevu ufike asilimia 11 au 12. Ndani ya kila mfuko weka karatasi yenye jina la kilima, tarehe ya kuchuma, saa matunda yalipofika kwenye kituo cha kuoshea, na kama miti ilipogolewa mwaka huo. Bila karatasi hiyo tutaonja tu na kukwambia kahawa inanuka. Ukiwa nayo, tunaweza kukwambia ni kilima gani.