Ua la chungu halisafishi hewa. Fungua dirisha

Wiki iliyopita mama mmoja wa Nyali, hapa Mombasa, alinipigia simu. "Mwanangu, nataka yale maua ya kusafisha hewa. Sita hivi. Nina mjukuu hapa ana pumu." Sibebi mmea mpaka niione nyumba, kwa hivyo nikaenda. Ghorofa ya 3, madirisha mawili mapana yanayotazama bahari, yote mawili yamefungwa komeo. Mapazia mazito. Kiyoyozi kinanguruma. Ukutani rangi mpya, harufu yake ilinikaba koo nikiwa bado mlangoni navua viatu.

Nikamwambia, "Mama, mimi siuzi dawa ya hewa. Haya madirisha yaache wazi siku tatu, halafu tuzungumze maua." Akaudhika. Akaniambia NASA, shirika la anga la Marekani, wamethibitisha kwamba maua husafisha hewa, ameona kwenye simu.

Mwezi huu pekee huyo ni wa nne. Basi niandike, atakayeuliza tena nimtumie.

Utafiti wa NASA upo, ni wa mwaka 1989. B. C. Wolverton na wenzake waliweka mimea ndani ya visanduku vilivyozibwa kabisa, wakaingiza kemikali kama benzini na fomaldehidi, wakapima. Zikapungua, ni kweli. Na sehemu kubwa ya kazi waliikuta kwenye udongo, kwa vijidudu vinavyoishi penye mizizi, wala si kwenye yale majani mnayoyafuta vumbi kila Ijumaa. Lakini wale walikuwa wanawafikiria watu watakaoishi angani, ndani ya chombo ambacho dirisha lake halifunguki. Sebule ya Mombasa inapumua. Hata ukifunga kila kitu, hewa inapita kwenye luva, chini ya mlango, kwenye nyufa za fremu.

Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani, Cummings na Waring, walikusanya majaribio ya aina hiyo ya miaka mingi wakayapigia hesabu ya nyumba za kawaida. Ili mimea ifikie kazi ambayo hewa inayopita yenyewe inaifanya bure, unahitaji vyungu kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Shika hiyo 10. Sebule ya mita 4 kwa 5 inataka vyungu 200. Wageni utawakalisha wapi?

Kinachoniuma ni kwamba tunaambiana haya katika mji wenye kaskazi na kusi. Pita Mji wa Kale uangalie zile roshani na madirisha ya vibao: upepo umetengenezewa mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Leo tunajenga ghorofa ufukweni, tunaziba upande wa bahari kwa kioo, halafu tunatafuta chungu kitufanyie kazi ya upepo. Na kwa mtoto mwenye pumu kuna jambo baya zaidi: chungu kinachomwagiwa maji kila siku kwenye chumba kilichofungwa huota kuvu juu ya udongo, na kuvu ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu.

Lile la "mmea chumbani usiku unakula oksijeni" nalipita haraka. Mwenzako kitandani anatumia oksijeni nyingi kuliko vyungu vyote vya chumba hicho, na hujamhamisha. Sansevieria nayo, ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama upanga, hufungua vitundu vidogo vya majani yake usiku na kuvuta kabonidaioksaidi, ndipo wauzaji wakazusha kwamba inatoa oksijeni usiku. Haitoi. Oksijeni inataka mwanga.

Sasa nije kwenye kinachoua maua ya mji huu kweli, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Ni maji. Naitwa kwenye nyumba, areka, ule mmea wa mapambo wa jamii ya mnazi, imekauka ncha za majani, kahawia kama imepitishwa kwenye moto wa mshumaa, na ule ukahawia unashuka kila wiki. Mwenye nyumba ameshaihamisha mara tatu, ameiongezea mbolea, na mmoja aliniambia ni jicho la jirani. Mimi naangalia udongo. Juu yake kuna ukoko mweupe, na pembeni mwa chungu cha udongo kuna unga mweupe unaong'ang'ania kucha ukikwangua. Nauliza, "Maji mnatoa wapi?" Kisima cha jengo. Naonja. Chumvi.

Maji ya mfereji yanayotoka chemchemi za Mzima ni matamu, lakini tunajua sote hayafiki kila siku, na ghorofa nyingi zinaishi kwa kisima. Kila unapomwagilia, mmea unakunywa maji, mengine yanakauka, chumvi inabaki. Mwezi wa kwanza huoni kitu. Mwezi wa nne mizizi haiwezi tena kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa, na wewe ukiona majani yanakauka unaongeza yale yale maji. Mbolea nayo ni chumvi juu ya chumvi. Dawa yake ni kazi ya mikono: kibebe chungu nje wakati wa masika, mvua ipige mpaka maji yapite chini na kutoka, mara mbili tatu. Nje ya masika, mtungi mmoja wa lita 20 wa maji matamu kwa wiki unatosha vyungu vingi kuliko unavyodhani. Udongo uchanganye na makumbi ya nazi yaliyosagwa, lakini uyaloweke na kuyaosha kwanza, kwa sababu makumbi nayo huwa na chumvi.

Ukitaka mmea usiokusumbua, chukua ZZ, Zamioculcas. Watu wananunua wakidhani ni mgeni wa Ulaya. Ni wa kwetu, unaota wenyewe katika misitu ya pwani hii. Waholanzi ndio walioanza kuukuza kwa wingi miaka ya 1990. Unastahimili kivuli na kusahauliwa.

Basi maua ya nini ndani? Bibi yangu hakuwa na chungu hata kimoja sebuleni. Asumini lake lilikuwa uani kwenye jua. Magharibi alichuma matumba yakiwa bado yamefumba, akayatandaza kwenye mto, na usiku yakafumbuka chumba kizima kikanukia. Ukiuweka huo mmea ndani, mbali na jua, hautoi ua. Yeye alileta ndani kile kinachoweza kuja ndani, na madirisha yalikuwa wazi.

Kuhusu kutuliza moyo, niseme ninavyoliona. Utafiti unaotajwa sana ni wa Roger Ulrich, 1984: wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, ambao dirisha lao lilitazama miti, walitoka hospitali mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Naupenda. Lakini walikuwa wagonjwa 46 tu, na ile ilikuwa miti ya nje ya dirisha, si chungu. Wateja wangu wananiambia wanalala vizuri zaidi tangu waweke maua. Nawaamini, ila sina hakika kama ni jani lenyewe au ni zile dakika kumi za asubuhi ambazo mtu anaacha simu ashike udongo. Mimi naelekea kwenye hizo dakika kumi.

Jumamosi nilirudi Nyali. Dirisha moja lilikuwa wazi, harufu ya rangi imepungua. Nilimpelekea ZZ moja, na mrehani wa kuweka dirishani penye jua. Mjukuu alikwanyua jani la mrehani akalifikicha, akanusa, akampelekea bibi yake anuse. Sahani ya chini ya chungu nimemwambia aimwage kila siku, maana mbu wa dengi huzaa humo.